Nilikutafuta, Sikukutafuta

Naapa kwa mifupa ya mama yangu, ambayo kila mwaka naitoa sandukuni kule Pomuch na kuipangusa kwa brashi, mfupa mmoja mmoja, mpaka ing'ae: haya ninayoandika hayana chembe ya uongo. Mwenye shaka na ainuke sasa aende zake, aniachie wenye masikio. Mimi, Casiano Chablé, nimewakatia abiria tiketi za mabasi ya daraja la pili miaka thelathini na minne, na mtu aliyetazama nyuso za wasafiri muda wote huo hawezi tena kudanganya. Kichwa kimejaa ukweli mpaka juu. Shule niliiachia darasa la nne. Yaliyobaki nimejisomesha kwa kamusi nene aliyoisahau abiria mmoja wa Campeche, na nimeimaliza yote isipokuwa herufi Z, ambayo ililiwa na mchwa.

Basi ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, ndani ya soko kubwa la Mérida, saa ile ambayo hata nzi hutafuta kivuli. Wauza pilipili wanaita, wauza kuku wanaita, na harufu ya danzi na nyama ya kuchoma inamshika mpita njia kola ya shati. Katikati ya msongamano huo akaingia msichana mrefu wa kaskazini, shanta ya kijani mgongoni, jinzi iliyopauka, shati la buluu lililofungwa fundo kiunoni, na viatu vyenye vumbi la majimbo saba. Macho yake yalikuwa na rangi ya asali ya wale nyuki wetu wasiouma. Alipopita, mizani ya muuza nyanya ilisimama yenyewe, na muuza nyanya akapunja mteja kwa mara ya kwanza bila kukusudia.

Jina lake Maricruz Zertuche, mchoraji wa ramani za majengo, kutoka Saltillo. Alikuwa akizunguka nchi peke yake na shanta ile, analala panapolalika, anachora makanisa na magofu kwenye daftari.

Mbele ya kibanda cha bembea za kulalia, mkanda wa shanta ukakatika. Vikamwagika soksi, tochi, penseli ishirini, na chupa ya pilipili za siki aliyopewa na mama yake, ambayo ilibingirika mpaka miguuni mwa Baltazar Uicab.

Balta alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Si mrefu, lakini ana kifua cha mtu aliyekulia juu ya baiskeli ya mizigo, shati jeupe la mikunjo lisilo na doa, na vidole ambavyo ukivitazama vikisuka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Aliokota chupa, akaipangusa, akamkabidhi kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea.

"Begi langu limekufa," alisema Maricruz.

"Halijafa. Limezimia tu."

Akachukua kamba ya mkonge, akaanza kuushona mkanda. Maricruz, kwa ile sauti ya watu wa kaskazini wanaozungumza kama wako ng'ambo ya mto, akauliza kazi hiyo ni bei gani. Balta akasema bei yake ni kwamba alale ndani ya bembea moja mpaka amalize, maana mteja aliyesimama humtia fundi mkosi. Maricruz akapanda, akanyooka kutoka kichwa mpaka mguu kama mshale, bembea ikamkunja mithili ya ganda la ndizi.

"Umelala kama maiti ya tajiri," Balta akamwambia. "Lala mshazari, mweusi wangu."

"Mweusi nani? Huna macho?"

Soko zima likacheka. Kwetu hilo ndilo neno la mapenzi, tunamwita hata mtu mweupe kama unga wa mahindi. Lakini Maricruz hakulijua, akalitafakari, na alipolala mshazari akahisi kamba zote zimempokea kwa pamoja, bila hata moja kumchoma. Alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu avuke mipaka ya jimbo lake. Wahenga wa soko letu husema msuka bembea hashindwi kubembeleza.

Mkanda ulipokamilika walikula panucho sita, vile vikate vyetu vya mahindi vilivyojazwa maharage, Maricruz nne na Balta mbili, na pilipili ilipomliza Maricruz machozi, Balta akampa sharubati ya stafeli na kumwapia kwamba analia vizuri kuliko wanawake wote aliowahi kuwaona wakilia. Jioni akamleta kwetu kwa baiskeli ya mizigo, msichana mbele pamoja na shanta, kama malkia na hazina yake. Mke wangu, Doña Landy, hupangisha wasafiri vyumba viwili, barabara ya 72 kati ya 57 na 59. Maricruz alisema atakaa siku tatu. Alikaa wiki tatu.

Mtaniuliza nilijuaje waliyokuwa wakisemezana kwenye simu. Kuta zetu ni nene kama za kasri, lakini dirisha la chumba chake liko sentimita arobaini kutoka kwenye bembea yangu, na mimi sikuzaliwa kiziwi.

"Umekula?" Balta anauliza kutoka kwao Tixkokob.

"Nimekula."

"Nini?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nakuwaza."

"Basi hukula. Kula kwanza, uniwaze baadaye umeshiba. Njaa itakufanya unione mzuri kuliko nilivyo."

Maricruz anacheka, bembea inalia kwenye kulabu zake, nami upande wangu nafumba macho kwa heshima.

Jumapili ya pili wakaenda kwenye magofu ya Uxmal kwa basi langu la zamani, lile linalosimama Muna kila mtu anunue machungwa. Mimi sikuwapo, lakini nitawaeleza kama niliyekuwapo. Iguana mmoja, yaani mjusi wa magofuni, mkubwa kama mbwa wa kasisi, alitoka juani kumpisha Maricruz, akainamisha kichwa, kisha akarudi mahali pake. Nyumba ya Gavana ilikuwa imejinyoosha juu ya jukwaa lake kama mtu mwenye nafasi. Maelfu ya mawe yaliyochongwa, kila jiwe limemkalia mwenzake bila kumsukuma, na pua za mungu wa mvua zimejikunja pembeni safu juu ya safu. Maricruz alisimama. Akafumba jicho moja, akapima kwa kidole gumba, akafungua daftari, akalifunga tena. Alisema amechora majengo miaka saba kwa mashine na kwa rula za chuma, wala hajawahi kuona mstari ulionyooka kwa upole namna ile. Akauliza watu hawa walitumia kifaa gani.

"Kamba," Balta alisema. "Kamba yenye mafundo. Bibi yangu aliambiwa na bibi yake."

Maricruz aliitazama ile nyumba, kisha akavitazama vile vidole, na ninaamini hapo ndipo shauri lilipokatika moyoni mwake.

Mbele ya piramidi alipiga makofi, na ngazi zikamjibu kwa sauti ya ndege. Balta akamsimulia kwamba jengo zima lilijengwa na kibete aliyeanguliwa kutoka kwenye yai, kwa usiku mmoja tu, ingawa bibi yake, ambaye hapendi kutia chumvi, alishikilia kuwa ilimchukua siku mbili. Kisha mvua ikashuka. Walikimbilia chini ya tao, nguo zimewaganda, na Balta akamkamua maji kwenye ncha ya nywele polepole, kama mtu anayekamua nyuzi zilizotoka kwenye rangi. Wakabusiana. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba samaki wawili walidondoka uani, mmoja wao angali mzima. Mlinzi aliwaona. Samaki, nasema. Wale wengine aligeuka asiwaone.

Siku ya tatu baada ya hapo Maricruz alikaa mezani jikoni kwetu, akatueleza hali ilivyo. Likizo yake imekwisha. Ofisi ya Saltillo inataka aripoti, la sivyo nafasi anapewa mwingine, na tiketi yake ni ya Jumatatu jioni. Moyo wake uko hapa. Kazi ya kuchora ataipata hata hapa, maana mji wetu una nyumba za kale za kukarabati mpaka dunia iishe. Lakini kuna jambo moja.

"Akiniambia baki, nabaki," alisema. "Ila sitajiombea mwenyewe. Nimeshawahi kubaki mahali nisipoombwa, Don Casi. Sirudii."

Jioni hiyo Balta akapiga simu: Jumapili, saa kumi na moja, uwanja mkuu, kwenye viti vya mimi-na-wewe. Ana jambo la kumwuliza. Maricruz alipokata simu aliimba mpaka kasuku wa jirani akaomba radhi.

Jumapili ikafika. Alivaa gauni jeupe la kwetu, aliloazimwa na mke wangu, maua yametariziwa kifuani na kwenye pindo, nyekundu, manjano, zambarau, na nywele amezifunga nyuma kwa utepe. Mke wangu alimtazama akasema hajaona gauni hilo likivaliwa vile tangu lilipovaliwa na yeye mwenyewe. Kwa ile haraka, Maricruz akaisahau simu yake juu ya mto.

Uwanja ulikuwa umejaa kama Jumapili zote: wacheza jarana, ngoma ya kwetu, na sinia za vikombe vichwani, wauza vitafunio, watoto, maputo, njiwa. Viti vyetu vya saruji, vyeupe, vimejipinda ili wawili wakae ubavu kwa ubavu huku wakitazamana usoni. Mtu akikikalia peke yake, hutazamana na nafasi tupu. Maricruz alikalia cha upande wa kanisa kuu. Akaitazama nafasi ile tupu saa nzima na nusu.

Balta naye alikuwapo. Mnyororo wa baiskeli ulimkatikia njiani, akaingia kwa kuchelewa nusu saa, mikono imejaa grisi, akaanzia upande wa manispaa. Akauzunguka uwanja mara nne. Kati yao palikuwa na wacheza ngoma arobaini na watazamaji mia tano, na kila gauni lilikuwa jeupe lenye maua. Akapiga simu, simu ikalia chumbani, nami nikaisikia, lakini vitu vya wageni sivigusi. Mwisho akaandika ujumbe, akakimbilia gari la mwisho la kwao.

Maricruz alirudi giza linaingia. Aliichukua simu, akausoma ule ujumbe amesimama. Kisha akaja akaniwekea simu mbele ya macho.

"Nilikutafuta, sikukutafuta. Nimejitoa. Lala salama."

Nami, naapa tena, niliusoma mara mbili nikaona ni ujumbe mzuri tu, mfupi, wa mtu aliyelelewa. Nikamwambia, mwanangu, si amekueleza vizuri? Wengine wasingeandika hata hilo.

"Kweli," alisema. "Wengine wasingeandika hata hilo."

Akaandika jibu: "Nimeelewa. Uwe salama." Akaizima simu. Kule Tixkokob Balta alilipokea jibu hilo, akafurahi kwamba mpenzi wake ni mwelewa, akalala kama mtoto mchanga. Alikuwa na kazi ya kumalizia asubuhi, na Jumatatu jioni ilikuwa bado mbali. Hakujua kwamba alfajiri Maricruz angekwenda kubadilisha tiketi, jioni ikawa saa sita mchana.

Saa tano na nusu alituaga. Aliacha kitanda kimetandikwa na gauni jeupe limekunjwa juu yake. Hakulia. Watu wa kaskazini hulia wakishafika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo elimu inapomfaa mtu. Nilikuwa nimekaa na kamusi yangu, nikapita kwenye neno "kutafuta", na nikaona kitu ambacho katika miaka sitini na nane ya maisha yangu sikuwa nimekiona. Kamusi ilisema kutafuta ni kutafuta. Kuona kile ulichokuwa unakitafuta, ilisema, ni neno jingine kabisa. Nikaganda. Kwa sababu sisi watu wa Yucatán, tangu mababu, hatuna haja ya neno la pili. Mtu wetu akipoteza ufunguo husema: nimeutafuta, sijautafuta. Akiuokota husema: nimeutafuta. Na mtu wetu akiondoka kwenye sherehe haagi kwa kusema anaondoka. Husema: mimi najitoa. Maana yake anakwenda nyumbani kulala. Bembea inamngoja.

Maskini Balta alikuwa ameandika: nilikutafuta, sikukuona, nimerudi nyumbani. Na msichana wa Saltillo amesoma: nilikutafuta, wala sikukutafuta kwa moyo, na sasa nimejitoa katika mambo yetu.

Nikainuka. Nikakimbia. Mitaa sita, jua la saa sita, bila kofia, mwendo ambao mbwa wawili walijaribu kunifuata wakakata tamaa. Niliruka mkokoteni wa matikiti. Taa nyekundu iliponiona ikageuka kijani. Nikaingia stesheni, na basi la kwenda mji mkuu lilikuwa limeshawasha injini, mlango unafungwa. Nikauzuia kwa kiganja. Maricruz alikuwa kiti cha nne, ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Binti," nilimwambia, "mwanamume huyu hajakuacha. Hakukuona tu."

Nikamweleza yote pale pale, abiria wote wakisikiliza, dereva amezima injini apate kusikia vizuri. Mama mmoja wa Motul, kiti cha saba, akathibitisha: ndivyo tunavyosema, mwanangu, kwani nyinyi kwenu mnasemaje? Maricruz alinitaka nirudie mara tatu. Mara ya tatu alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akaishusha shanta kutoka juu mwenyewe, akateremka, akaiwasha simu.

"Balta. Jana ulinitafuta?"

"Nilikutafuta mara nne, uwanja mzima. Sikukutafuta."

"Sema sikukuona."

"Ndiyo hivyo. Sikukutafuta."

"Balta, sema sikukuona, au napanda basi."

Ikaja sauti ya mtu anayetafsiri kwa tahadhari: "Sikukuona, mweusi wangu. Nimefika mjini sasa hivi, nipo sokoni. Basi gani?"

Alifika baada ya dakika nane, anapiga pedali amesimama, na mbele ya baiskeli kuna furushi kubwa limefungwa kwa shuka. Alipomwona Maricruz kwenye baraza la stesheni, kati ya masanduku na kuku wa watu, aliangusha baiskeli.

"Nimekutafuta," alisema, akihema.

Safari hii Maricruz alielewa bila mkalimani.

Balta akalifungua furushi. Ndani kulikuwa na bembea nyeupe yenye mistari ya buluu, buluu ya shati lile la siku ya kwanza, imesukwa kwa nyuzi nyembamba hivi kwamba ungeweza kuipitisha yote ndani ya pete. Alisema amemaliza fundo la mwisho asubuhi hiyo. Alitaka ampe uwanjani ikiwa bado haijamalizika, na alikuwa na maneno ya kusema, lakini yamemtoka yote njiani.

"Hii ni bembea gani?" Maricruz aliuliza. Alishakaa nasi vya kutosha kujua kwamba bembea zetu huuzwa kwa ukubwa: ya mtu mmoja, ya ndoa, ya familia.

"Ya ndoa."

"Hicho ni kipimo, au ni swali?"

Balta aliitazama mikono yake. "Ni vyote viwili. Baki."

"Nabaki," alisema Maricruz. Dereva wa basi akapiga honi ndefu, mama wa Motul akapungia leso dirishani, na kengele za kanisa kuu, mitaa mingi kutoka pale, zikalia zenyewe bila mtu kugusa kamba. Kwa kweli sijaona kitu kizuri kuliko watu wawili wale wakiondoka juani na baiskeli moja, shanta mbele, msichana juu yake, wakibishana tayari kuhusu nani hajui lugha.

Nilikuwa natafuta neno la kufungia nilipoona kivuli kimeifunika karatasi. Doña Landy, mikono kiunoni, anasoma begani kwangu, midomo inacheza. Alifika mwisho. Akarudi ukurasa uliotangulia.

"We mzee," aliniambia, "nani alikimbia?"

Nikamweleza kwamba ni namna ya waandishi, kwamba msimulizi hukimbia kwa niaba ya wengine.

"Na miaka kumi na moja nakuomba unipeleke kucheza dansi hapo uwanja wa Santiago siku ya Jumanne, hatua mia moja kutoka mlangoni. Kila Jumanne goti linakuuma. Sasa nasoma goti hilo limeruka mkokoteni wa matikiti. Chagua mwenyewe. Ama umeidanganya karatasi, ama umenidanganya mimi."

Nilifikiri kwa muda wa kutosha. Kisha nikachagua karatasi, na akanisimamia niandike.

Basi aliyekimbia ni Landy. Alikimbia na aproni, ndara miguuni, mwiko mkononi. Ujana wake alipika miaka mitatu katika nyumba ya watu kule mji mkuu, na siku moja alimwambia bibi mwenye nyumba: nimezitafuta funguo zako, sikuzitafuta. Nusura afukuzwe kwa ufidhuli. Kwa hiyo, msichana alipokwisha kutuaga nami nikamnong'oneza Landy maneno ya ule ujumbe, hakuhitaji kamusi. Mimi nilikuwa ndani ya bembea, na waliponiamsha kula nililalamika kwamba maharage yameungua.

"Na goti?" aliuliza.

Goti haliumi. Halijawahi kuuma. Mke wangu anacheza kama vile maji yanavyotiririka, nami nacheza kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Miaka yote hiyo niliogopa watu wamtazame yeye, kisha wanitazame mimi.

Hilo nalo amelisoma. Alikwenda kabatini, akatoa gauni lake jeupe, akanitupia shati safi. Leo ni Jumanne, na kutoka uwanjani wanasikika wapiga tarumbeta wakijaribu midomo. Ananiita mlangoni, amesuka nywele, ameweka ua.

Naweka kalamu chini. Nakwenda kulipa deni la Jumanne.